Kutembelea hifadhi za Tanzania kwa mpango wako mwenyewe

Anayekwenda hifadhini kwa mara ya kwanza mara nyingi huanza na orodha ya wanyama: simba lazima, tembo lazima, chui akipatikana. Kisha anabana hifadhi tatu ndani ya siku nne, anashinda barabarani, na anarudi na picha za migongo ya magari ya wenzake. Mwongozo huu unashauri kinyume chake: hifadhi moja, usiku miwili, asubuhi mbili. Mafuta yatapungua, uchovu utapungua, na utakachokiona kitazidi. Nimemlenga Mtanzania anayesafiri kwa gharama zake, awe na gari au hana.

Hatua ya 1: Jua eneo hilo liko chini ya nani

Si kila eneo lenye wanyama ni hifadhi ya taifa. Hili si suala la makaratasi tu, maana anayelisimamia eneo ndiye anayeamua kama utatembea kwa miguu, utalala wapi, na utalipa kwa utaratibu gani.

Hifadhi za taifa ziko chini ya TANAPA, shirika lililoanzishwa mwaka 1959. Ndani yake hakuna makazi ya wananchi, mifugo wala uwindaji. Serengeti, ya mwaka 1951, ndiyo kongwe. Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ndiyo kubwa kuliko zote, ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Ngorongoro haimo katika kundi hili. Ina mamlaka yake na tozo zake, na hapo ndipo wengi hushtukia getini: barabara ya kawaida ya kutoka Arusha kwenda Serengeti hupita ndani ya Ngorongoro, hivyo unalipa huku na huku hata kama hukuteremka kreta. Liweke hilo kwenye hesabu kabla hujatangaza safari kwenye kundi la familia.

Mapori ya akiba yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Humo uwindaji wa kitalii kwa kibali unaruhusiwa katika msimu wake, ingawa baadhi yanapokea pia wageni wa kupiga picha na kutembea. Wakazi wa Dar es Salaam wanalo Pande karibu kabisa na jiji, na wengi hawajui kama lipo.

Hifadhi za mazingira asilia zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ningekuwa na uwezo wa kumsukuma kila mtu aanzie mahali pamoja, ningemsukuma huku. Amani kule Usambara Mashariki ilitangazwa mwaka 1997; zipo pia Magamba iliyo Lushoto, Chome ya milima ya Upare, Uluguru juu ya Morogoro, Rungwe, na Pugu-Kazimzumbwi kwa aliye Dar na ana siku moja tu. Hutamwona simba. Utatembea, utasikia, utauliza maswali, na mfuko wako hautaumia.

Zipo pia jumuiya za hifadhi za wanyamapori, yaani WMA, ambazo ni ardhi ya vijiji iliyotengwa kwa ajili ya wanyama, na sehemu ya mapato hurudi kijijini. Burunge na Randilen zilizo jirani na Tarangire ni mfano. Baadhi yao huruhusu matembezi ya miguu au mzunguko wa usiku ukiwa na mwongozaji, mambo ambayo mwenye gari binafsi hayapati ndani ya hifadhi nyingi za taifa. Baharini kuna Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya mwaka 1995, na Unguja kuna Jozani, nyumbani kwa kima punju.

Hatua ya 2: Chagua kwa unachotaka kufanya

Jina la hifadhi lisikuburuze. Jiulize kwanza: nataka kukaa kwenye gari nitazame uwanda, au nataka kutembea?

Kwa anayetaka uwanda na anaanzia Dar, Morogoro au Dodoma, Mikumi inatosha. Najua wapo wanaoibeza kwa sababu barabara ya Mbeya inakatiza humo, na kila aliyewahi kupanda basi la njia hiyo ana hadithi ya tembo aliyemwona dirishani. Lakini zile kilomita 50 za lami ni ukanda mwembamba wa hifadhi yenye kilomita za mraba 3,230. Ukiingia langoni asubuhi ukaelekea mbuga ya Mkata, ngurumo za malori zinabaki nyuma na unakutana na nyumbu, pundamilia, nyati, twiga, na bwawa la viboko ambapo unaweza kukaa saa nzima usichoke.

Ukiwa na siku nne au tano, mseto pekee ninaompendekezea mgeni ni Mikumi na Udzungwa. Kutoka mji wa Mikumi unashuka kusini kwa barabara ya Ifakara, kilomita 60 hivi, hadi Mang'ula. Kule nyuma uliacha nyasi na migunga. Hapa unakuta ukuta wa msitu wa mvua unaopanda kutoka mashamba ya miwa. Udzungwa ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, na msituni kwake huendi kwa gari, unatembea. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170. Humo anaishi ng'olaga, nyani mdogo wa kijivu ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, na hapatikani porini nje ya milima hiyo. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote.

Kaskazini, usiidharau Hifadhi ya Arusha kwa udogo wake. Ni ya karibu, na unaruhusiwa kutembea ukiwa na askari wa uhifadhi. Tarangire ni ya tembo, hasa kiangazi. Mkomazi ina mradi wa kuhifadhi faru weusi. Serengeti nayo iende kwa mwenye usiku mitatu. Chini ya hapo unalipia barabara. Ruaha na Katavi ziache kwa safari ya pili au ya tatu, ukishajua gari lako linavumilia nini.

Wanaotaka sokwe waende Gombe au Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Gombe ndipo Jane Goodall alipoanza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960. Sharti moja lichukuliwe kwa uzito wote: ukiwa na mafua au kikohozi, baki kambini. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya njia ya hewa na huweza kufa nayo, ndiyo maana mnavaa barakoa, mnakaa umbali wa mita kumi, na muda wenu pamoja nao ni saa moja.

Hatua ya 3: Panga msimu

Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi zimekauka na maji yamebaki sehemu chache. Wanyama wanakusanyika mitoni na mabwawani, na kuwaona ni rahisi. Huu ndio msimu wa Mikumi, Ruaha, Katavi, Nyerere na Tarangire. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi wa mbugani hugeuka gundi. Barabara nyingi za ndani za hifadhi za kusini na magharibi hufungwa au zinapaswa kuepukwa hata kama hazijafungwa.

Serengeti ina kalenda yake. Nyumbu huzalia kusini, uwanda wa Ndutu, kati ya Januari na Machi, na huvuka Mto Mara kule kaskazini kati ya Julai na Septemba, wakati mwingine hadi Oktoba. Ukienda kaskazini Februari kutafuta uvukaji, utakuta mto na mamba wenye njaa.

Kitulo, juu ya Mbeya na Njombe, ni kinyume cha zote. Hiyo inaendewa kwa maua, kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati mvua inanyesha. Beba koti. Misitu ya Usambara na Udzungwa haina kiangazi cha kweli. Ukienda Juni njia zinakauka kidogo, ukienda mara tu baada ya mvua maporomoko yana nguvu na magoti yako yatajua. Kwa papa potwe wa Mafia, nenda kati ya Oktoba na Februari.

Hatua ya 4: Malipo, vitambulisho na saa

Langoni hawapokei noti. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu, benki au kadi, kisha unaingia. Kwa vile mtandao wa malango mengi husuasua, ni vyema uwapigie simu ofisi ya hifadhi siku moja au mbili kabla, uwape orodha ya watu na namba ya gari, upate namba hiyo na ulipe ukiwa mjini.

Raia hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni, mradi uthibitishe. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa au pasipoti. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi. Uliza mambo manne kabla ya kukata hesabu: kiingilio cha mtu, cha gari, cha kulala ndani, na cha mwongozaji. Watu huuliza la kwanza tu, halafu wanalalamika.

Kibali cha hifadhi nyingi za taifa huhesabiwa kwa saa 24 tangu unapoingia. Hiyo ni nafasi kwa mpangaji mzuri. Ukiingia saa sita mchana, unapata mzunguko wa jioni, unalala ndani, unapata mzunguko mzima wa alfajiri, na unatoka kabla ya saa sita ya kesho yake kwa kiingilio kimoja. Anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka jioni amelipa sawa na wewe na ameukosa wakati bora wa siku. Thibitisha tu langoni saa inaanza kuhesabiwa lini na kama ukitoka unaruhusiwa kurudi; kwa kawaida hairuhusiwi. Magari hutembea ndani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya 5: Namna ya kufika

Usipokuwa na gari, usikate tamaa. Treni ya SGR iliyoanza kwenda Morogoro Juni 2024 imerahisisha nusu ya safari ya kusini. Kutoka Morogoro unapanda basi la Iringa au Mbeya hadi mji wa Mikumi, na hapo kuna magari ya kukodi kwa mzunguko wa nusu siku au siku nzima. Mkiwa watano au sita, gharama ya gari mkigawana inabebeka. Kwa Udzungwa mabasi ya Ifakara hupita Mang'ula, na humo ndani huhitaji gari kabisa. Treni ya TAZARA pia hupita Mang'ula. Ni ya kuchelewa, lakini inakatiza ndani ya Nyerere na kuna wanaoipanda kwa ajili ya dirisha tu.

Ukiwa na gari lako, liwe la juu. Gari dogo linapita barabara kuu za Mikumi wakati wa kiangazi, kwingine usijaribu. Jaza tangi mji wa mwisho, beba tairi la akiba lenye upepo (lipimwe, lisitazamwe kwa macho), jeki na kipande cha ubao cha kuiwekea chini ili isizame, koleo, kamba ya kuvutia, na lita 20 za maji ya kunywa. Mchangani punguza upepo wa tairi. Penye kijito usichokiona chini yake, geuza. Kutembea mbele kupima kina, kama tunavyofanya nyumbani, hapa hakufai, kwa sababu mamba hawapigi hodi.

Katika barabara kuu inayokatiza Mikumi, punguza mwendo hata kama huingii hifadhini. Matuta yamewekwa kwa sababu, na faini ya kugonga mnyama ni kubwa. Usiku ndiyo mbaya zaidi.

Hatua ya 6: Mizigo

Nguo ziwe za rangi ya udongo, majani makavu au kijani kilichofifia. Bluu na nyeusi ziache nyumbani: mbung'o huvutwa na rangi hizo, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi. Dawa za kujipaka haziwasumbui sana. Katika maeneo ya miombo funga vioo, na akiingia mmoja mmalize kabla hujaendelea. Kwa mbu, mikono mirefu jioni na dawa ya kujipaka vinasaidia. Anayetoka sehemu isiyo na malaria azungumze na daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya safari.

Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua darubini. Simu yenye kamera kubwa haifui dafu mbele ya darubini ya kawaida ya 8×42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya milimita 42. Ikiwezekana kila wawili wawe na yao, kwa sababu kugombea darubini kumevunja safari nyingi. Ongeza tochi ya kichwani, kofia, koti la mvua, chumvi na sukari za kuongezea maji mwilini, na bendeji. Chakula kiwe ndani ya vyombo vinavyofunga. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na malangoni wanakagua. Droni bila kibali ni kosa.

Hatua ya 7: Siku yenyewe, uwandani

Amka saa kumi na moja. Kunywa chai, ingia garini, na kufikia saa kumi na mbili magurudumu yawe yanazunguka. Wanyama wawindaji bado wako macho, mwanga ni mzuri, na joto halijawalaza wengine. Saa nne asubuhi rudi kambini ukale na ulale. Toka tena saa kumi jioni. Kuzunguka saa saba mchana ni kuchoma mafuta.

Endesha kilomita 20 kwa saa, hata kama kibao kinaruhusu 50. Kila baada ya muda simama, zima injini, fungua kioo. Sasa tazama waliopo, hata kama ni swala pala tu, kwa sababu wao ndio watakaokuambia asiyeonekana yuko wapi. Swala pala wote wakigeuzia vichwa upande mmoja na kupiga chafya kali, kuna kitu huko. Twiga aliyesimama haondoi macho sehemu moja kwa dakika kadhaa anamtazama simba au chui. Nyani wakibweka juu ya miti, tazama chini yake na kwenye matawi ya jirani. Kanga wakilipuka kwa kelele, ngoja.

Tai nao wasomwe vizuri. Wakizunguka juu sana, bado wanatafuta. Wakishuka mmoja baada ya mwingine kwa kasi, mzoga umeonekana. Wakiwa wametua mtini wanatazama chini bila kushuka, mwenye mzoga bado anakula. Sogea polepole.

Njia bora kuliko zote ni ya kivivu. Chagua bwawa au ukingo wa mto, egesha upande ambao jua liko nyuma yako, na kaa saa mbili. Mwanzoni hakuna kitu. Baada ya nusu saa ndege waliokimbia wanarudi, ngiri anakuja kugaragara topeni, kuro wanashuka kunywa, na mamba uliyedhani ni gogo anafungua mdomo. Aliyepita mbio pale bwawani atasema hakukuwa na kitu.

Ukikuta magari ishirini yamemzunguka chui mmoja, shauri langu ni uondoke. Hutaona zaidi ya mkia, na kila gari linaloongezeka linamsogeza mbali na windo lake. Usiache barabara kumfuata mnyama, usipige honi wala kupiga miluzi ili akutazame. Picha ya faru usiirushe mtandaoni ikiwa na jina la mahali alipo. Wawindaji haramu nao wana simu.

Hatua ya 8: Siku yenyewe, msituni

Msitu unamkatisha tamaa aliyezoea uwanda. Huoni mbali zaidi ya hatua kumi, na wanyama wakubwa ni wachache au wamejificha. Hapa kazi hufanywa na masikio. Mbega hunguruma alfajiri kwa sauti nzito inayojibiwa kutoka mlima wa pili. Hondohondo akipita juu unasikia mabawa yake kabla ya kumwona. Usiku perere, mnyama asiyezidi ukubwa wa sungura, hupiga mayowe yanayowanyima wageni usingizi. Uliza mapema ili usidhani kuna mtu anachinjwa.

Mwongozaji wa msituni ni wa lazima katika njia nyingi, na hata pasipo lazima mchukue. Mwambie mwanzoni kwamba hamna haraka na mnataka mimea, ndege na hadithi za mahali. Ukinyamaza, atadhani mnataka kufika maporomokoni na kurudi, kwa sababu ndicho wengi wanachotaka. Pale Amani muombe akuonyeshe ua dogo la zambarau linalomea kwenye miamba yenye unyevu: huyo ndiye bibi wa maua ya vyungu yanayouzwa madirishani duniani kote, yaliyoanzia Usambara na kupelekwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890. Pia muulize kuhusu miti mikubwa iliyo karibu na ofisi. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902 na kupanda miti kutoka nchi nyingi za joto. Mingine, kama Maesopsis, imetoroka mashamba ikaingia msituni na sasa inashindana na miti ya asili.

Suruali iingizwe ndani ya soksi. Sababu ya kwanza ni kupe, ya pili ni siafu. Ukikanyaga msafara wa siafu, kimbia hatua ishirini kwanza ndipo uanze kuwatoa; anayesimama palepale kuwapangusa anaongeza wengine. Usishike mmea usioujua, hasa wenye maganda yenye manyoya ya kahawia: upupu haukuachii hadi jioni. Gogo lililolala njiani likanyage juu, tazama upande wa pili, kisha shuka. Usiliruke, kwa kuwa kifutu hupenda kulala upande usiouona na hakimbii akisikia hatua.

Njia ya Sanje huchukua saa nne hivi kwa mwendo wa kupumzika, na chini ya maporomoko kuna sehemu ya kuogelea. Anza saa mbili asubuhi, kabla jua halijapiga kwenye ngazi.

Hatua ya 9: Wakubwa na jinsi ya kuwapisha

Ndani ya gari wanyama wengi hukuona kama sehemu ya kitu kimoja kikubwa kisicho na maana kwao. Ukitoa mwili dirishani au ukishuka, umekuwa mtu. Shuka pale tu palipotengwa.

Tembo anasema kabla ya kutenda. Akitanua masikio, akatikisa kichwa, akachezesha mguu wa mbele au akapiga vumbi, anakuomba nafasi. Rudi nyuma taratibu bila kunguruma injini. Usijiweke kati ya mama na mtoto. Dume lenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, mkojo ukidondoka miguuni, na harufu kali, lipishe kwa umbali mrefu, hata kama linaonekana limetulia. Hilo halina subira.

Kiboko anakuwa hatari zaidi akiwa nchi kavu na wewe uko kati yake na maji. Hema lisiwekwe kwenye vijia vinavyotoka mtoni. Nyati dume mzee aliyejitenga na kundi, aliyelala kichakani, ndiye anayeogopwa na askari wa uhifadhi wakati wa matembezi. Mkiambiwa simama, simameni bila mjadala.

Kambi za ndani kwa kawaida hazina uzio. Chakula kilale garini, kamwe si hemani, kwa maana nyani huchana turubai kwa harufu ya ndizi moja. Ukitaka kutoka usiku, mulika kwanza kuzunguka pande zote utafute macho yanayong'aa. Ukiyaona, baki ndani. Na usimlishe tumbili, hata watoto wakilia. Tumbili aliyezoea kupewa huanza kunyang'anya, na mwisho wake huuawa kwa kosa la mgeni.

Hatua ya 10: Ukitoka

Osha viatu na matairi kabla ya kwenda hifadhi nyingine. Mbegu husafiri kwenye tope, na magonjwa pia. Chura wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya poromoko moja tu la Udzungwa, alipungukiwa maji yalipochukuliwa kwa ajili ya umeme, kisha akapigwa na ugonjwa wa kuvu unaoweza kubebwa na tope. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa wakifugwa ndani ya matangi Marekani.

Kama uliona mtego wa waya, mzoga usio na pembe, au mnyama aliyejeruhiwa, toa taarifa langoni kabla ya kuondoka, ukieleza barabara na saa.

Kagua mwili kwa kupe siku hiyo hiyo, hasa nyuma ya magoti, kinenani na kwenye nywele za watoto. Ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya safari, pima malaria mara moja. Vipimo vikionyesha huna na homa inaendelea, au palipoumwa na mbung'o pamevimba kidonda, mwambie daktari waziwazi kwamba ulikuwa hifadhini na utaje ni ipi, ili akupime na malale.